Tulivyonadi majina ya wahusika tukanunua pedi za shule nzima

Mwandishi wa riwaya za vijana akitaka kuchangia jambo la kheri, wazo la kwanza huwa ni kutangaza kwamba sehemu ya mapato ya kitabu itakwenda kwa wahitaji. Mimi pia nilianzia hapo, hesabu ikanikatalia.

Kitabu kina bei ya jalada ya shilingi 10,000. Mkataba unasema mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala, ni 10%, lakini ukisoma vizuri ni 10% ya pesa inayomfikia mchapishaji, si ya bei ya jalada. Duka likichukua punguzo la 40%, kwa mchapishaji zinafika 6,000, na mrabaha wako ni 600. Hapo anakata kodi ya zuio, 15%, yaani shilingi 90. Mkononi unabaki na 510. Ukiwa umetangaza "shilingi elfu moja kwa kila nakala", utakuwa unachangia karibu mara mbili ya unachopata. Ukiwa umesema tu "sehemu ya mapato", msomaji hana namna ya kukudai, na wasomaji wa miaka 15 wanalikumbuka neno hilo kuliko watu wazima.

Upande wa pili niliweka mahitaji. Shule ni ya sekondari ya kata mkoani Pwani, wasichana 120. Pakiti moja ya pedi ina vipande 8. Siku 5 kwa vipande 4 kila siku ni vipande 20, kwa hiyo pakiti 3 kwa mwezi. Mbili hazitoshi, na msichana anayejaribu kuzitosheleza anakaa na pedi moja tangu asubuhi hadi saa nane. Miezi ya masomo ni kama 10. Jumla ni pakiti 3,600, na kwa bei ya jumla ya shilingi 2,000 tuliyopewa, ni shilingi 7,200,000. Kwa shilingi 510 kwa nakala, ningehitaji kuuza nakala 14,118 na nisibaki na senti, halafu nisubiri mchapishaji alipe mrabaha mwisho wa mwaka. Muhula unaanza Januari.

Ndipo tukaingia kwenye mnada, waandishi wanane, kila mmoja akatoa vitu vitatu. Njia hii si ngeni. Baada ya moto wa Grenfell Tower kule London, Juni 2017, waandishi wa Uingereza walinadi vitu vyao kwa ajili ya waathirika. Philip Pullman alitoa nafasi ya kumpa mhusika jina. Mwalimu mmoja akaomba liwe jina la mwanafunzi wake wa zamani aliyekufa katika moto ule. Watu wengine wakaacha kushindana naye, wakaunganisha madau yao nyuma yake mpaka yakafika pauni 32,400. Mhusika yumo katika kitabu kilichotoka 2019. Kwetu hakuna anayetarajia kiasi kama hicho, lakini nililoliona pale ndilo lililotuongoza katika kuchagua vitu: watu wanalipia kile ambacho mwandishi peke yake anaweza kukitoa. Nakala zilizosainiwa zilikuwa za mwisho kwa bei kwenye mnada wetu.

Jina la mhusika ndilo lililopanda juu kabisa, na ndilo lenye mitego mingi. Tuliandika masharti kabla ya kutangaza. Ni jina moja tu, la kwanza, bila ukoo. Lisiwe la mwanasiasa, wala la mtu unayegombana naye, na kama ni la mtoto, mzazi akubali kwa maandishi. Mwandishi ndiye anayeamua mhusika ni mwema au mbaya, anaishi au anakufa. Sharti la mwisho ndilo watu wanalosahau: mswada uwe umeshasainiwa mkataba, na tarehe iwekwe. Sisi tulisema kitabu kisipotoka ndani ya miezi 18, mshindi anaandikiwa hadithi fupi ya maneno 1,500 yenye jina lile, inachapwa na kupelekwa kwake. Mwandishi asiye na mswada ulio tayari hatukumruhusu kunadi jina. Alitoa kitu kingine.

Kusoma mswada wa mtu nako kunauzika, mradi uwekewe mipaka. Kurasa 30 za A4, herufi ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari; maoni ya kurasa mbili na mazungumzo ya simu ya dakika 40; ndani ya siku 45. Ukiandika tu "nitausoma mswada wako", utaletewa kurasa 400 na utauchelewesha mwaka mzima, na jina linaloharibika si lako peke yako, ni la mnada mzima.

Ziara ya shule ni vipindi viwili vya dakika 40, wanafunzi wasiozidi 45, mwalimu awe darasani muda wote. Tuliweka mipaka ya Dar es Salaam, Pwani na Morogoro mjini, nauli juu ya mshindi. Bila kutaja mipaka, mtu wa Kigoma atashinda kwa shilingi 80,000 na safari ikugharimu zaidi ya hizo.

Sasa mwendo wa mnada wenyewe. Madau yapokelewe mahali pamoja tu. Ukiruhusu mengine yaje kwa SMS, mengine kwa kupiga simu, mengine kwenye kundi la WhatsApp, utagombana na watu wawili waliotoa dau lilelile. Sisi tulitumia kundi moja, kila kitu na namba yake, na dau linaandikwa hivi: namba ya kitu, kisha kiasi. "Na. 7, 65,000." Nyongeza ya chini ilikuwa 5,000. Simu iliyokosa mtandao inatuma ujumbe baadaye, na mtumaji atakuapia kwamba aliandika kabla ya muda. Kwa hiyo tulitangaza tangu mwanzo kwamba kinachohesabika ni muda ujumbe ulipoingia kwenye simu ya msimamizi, na simu hiyo ilikaa kwenye chaji yenye vifurushi vya mitandao miwili. Dau likiingia ndani ya dakika 5 za mwisho, muda unasogea dakika 5 nyingine. Hili linaondoa ujanja wa kuvizia sekunde ya mwisho, na vitu vitano kati ya 24 vilipanda bei katika nyongeza hiyo.

Saa andikeni kwa tarakimu za saa 24. Tangazo la kwanza lilisema mnada unafungwa "saa 3 usiku". Msomaji wa Dar anajua ni saa ngapi. Mswahili aliyezaliwa London akalisoma kama saa tisa za usiku wa manane, akaja mnada umeshafungwa. Tangu hapo tunaandika 21:00 saa za Afrika Mashariki, na chini yake 22:00 Muscat, ambako tulikuwa na washiriki kadhaa.

Malipo ndiyo roho ya kila kitu. Pesa isipite kwenye simu ya mwandishi hata dakika moja, hata kama ni mwaminifu kiasi gani. Tulitafuta taasisi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya NGO ya mwaka 2002, tukaomba nakala ya cheti, tukatumia Lipa Namba yake. Mshindi akiingiza namba, jina la taasisi linatokea kabla hajaweka neno la siri, naye anaona mwenyewe anamlipa nani. Anatuma ujumbe wa muamala kundini, akiwa amefuta salio lake. Walioko Oman na Ulaya walilipa benki, na hao wape siku 5 badala ya saa 48, kwa sababu pesa za nje zinachelewa na ada ya benki inakatwa katikati: dau la 100,000 linafika likiwa pungufu. Waambieni mapema kwamba ada ni juu ya mtumaji.

Washindi wawili hawakulipa. Kanuni yetu ilikuwa tayari: baada ya saa 48 kitu kinahamia kwa wa pili, kwa dau lake yeye, na anapewa saa 24. Wote wawili wa pili walilipa. Kama kanuni hiyo haikuandikwa kabla, usiibuni katikati. Watu watadhani unapendelea. Walio chini ya miaka 18 tuliwakubali kwa jina na namba ya mzazi tu, maana wasomaji wetu ndio hao na shauku wanayo kuliko mfuko.

Jambo moja lililotubeba ni ahadi ya kulinganisha. Mwaka 2015 Patrick Ness, mwandishi wa vijana, alitangaza pauni 10,000 kwa Save the Children kwa ajili ya wakimbizi iwapo wasomaji wangechanga kiasi hichohicho. Waandishi wenzake wakaweka ahadi kama yake, na mchango ukapita pauni 600,000. Sisi tuliweka shilingi 500,000 kwa masharti yaleyale, kiwango cha juu kikiwa kimeandikwa, kwa ajili ya wale wasioweza kushindana mnadani. Shilingi 2,000 ni pakiti moja, na hivyo ndivyo tulivyoitangaza: wanafunzi wa kidato cha pili walichanga pakiti moja moja mpaka 500,000 ikatimia.

Jumla ilikuwa 5,900,000 za mnada na 1,000,000 za ahadi na wasomaji: 6,900,000. Usafiri wa Canter mara mbili ulichukua 180,000. Zilizobaki, 6,720,000, zilinunua katoni 140 za pakiti 24. Kila msichana akapata pakiti 28 badala ya 30. Mwezi wa mwisho ulipungua, na tuliwaambia hivyohivyo.

Kwenye kununua, muulize muuzaji bei ikiwa na VAT, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. VAT ya taulo za kike iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019, na wauzaji wengine hukutajia bei isiyo na kodi mpaka siku ya kulipa. Tulichukua katoni 75 Januari na 65 Julai, kwa sababu stoo ya shule ni ndogo na msimu wa masika unyevu unapanda kutoka sakafuni. Katoni zikae juu ya chaga, mbali na ukuta. Pakiti iliyolainika kwa maji haifai hata ikikaushwa.

Shuleni usiende moja kwa moja. Barua inaanzia kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, inashuka kwa Afisa Elimu Sekondari, ndipo kwa mkuu wa shule. Tenga wiki tatu. Anayegawa ni matroni, daftari lake lina idadi tu na sahihi, na ufunguo wa stoo uwe na mtu wa pili, maana siku matroni akiugua wasichana wasirudi nyumbani. Picha za msichana ameshika pedi hatukupiga hata moja. Wafadhili waliomba. Tuliwatumia picha ya hati ya makabidhiano yenye muhuri na picha ya katoni kwenye chaga.

Na kabla ya katoni ya kwanza kufika, kagua choo. Pakiti 3, yaani pedi 24, kwa msichana kwa mwezi, mara 120, ni hadi pedi 2,880 zinazohitaji pa kutupwa. Zikiingia kwenye shimo la choo, shimo linajaa haraka na gari la majitaka haliwezi kuzivuta, zinaziba bomba. Kichomea taka cha matofali chenye mlango wa chuma na bomba la moshi, na ndoo yenye kifuniko katika kila choo cha wasichana, ndivyo tulivyoanza navyo, kwa mchango wa wazazi. Tulifikiria pedi za kufua, ambazo kwa mwaka ni nafuu zaidi, lakini zinataka maji ya bomba, sabuni na kamba ya kuanikia juani pasipo macho ya watu. Shule hii maji inachota kisimani.

Daftari la mnada bado liko wazi. Lina safu nne: namba ya kitu, mshindi, amelipa lini, amepokea lini. Vitu 21 safu ya nne imejaa. Vitatu vilivyobaki ni majina ya wahusika, na kila tarehe mosi ya mwezi nawatumia waandishi watatu ujumbe kuuliza mswada umefika wapi, kisha nawaandikia washindi jibu walilonipa.