TSH yangu ilivyonizungusha

Basi jamani mwaka wa kwanza wa kutumia levothairoksini, ile dawa ya tezi ya shingoni (thairoidi) iliyolegea, nilikua nakosea kitu kidogo tu na sikujua. Daktari alinianzishia mikrogramu 50, baada ya wiki 6 tukapima TSH, ile homoni ya kwenye damu inayopanda tezi ikilegea na kushuka dawa ikizidi, bado iko juu, akapandisha 75, bado, akapandisha 100, bado tu nachoka kama nimebeba magunia na nywele zinabaki kwenye kitana. Mpaka siku moja akaniuliza, hivi hiko kidonge unakimezaje? Nikamwambia na kahawa, pamoja na vile vidonge vyangu vya madini ya chuma, si vyote vya asubuhi? Akacheka kwanza.

Kumbe chuma na kalsiamu vinaishika ile dawa tumboni haipiti kwenda kwenye damu, inatakiwa zipishane kama masaa 4, na kahawa nayo isubiri nusu saa au lisaa. Sasa namezea maji matupu nikiamka tu, glasi iko pembeni ya kitanda. Ila angalia hapa, dawa ilipoanza kuingia vizuri ile 100 ikawa nyingi, moyo unadunda usiku, mikono inatetemeka, TSH ikashuka mno tukarudi 75.

Na usipime kila wiki ukitegemea majibu, dawa yenyewe inachukua siku 7 hivi kupungua nusu mwilini, na TSH inajivuta zaidi, ndo maana wanakwambia wiki 6 mpaka 8. Mi nilikua sina hiyo subira kabisa.