Ukungu juu ya 5H-MOG

Juzi binti yangu kafungua mlango wa chumba cha uani, kaziba pua, kaniuliza, "Baba, mbona humu kunanuka gereji?" Nikamwambia toka kwanza mwanangu, nimalize, maana hewa ya laka, hii rangi ninayopaka modeli zangu za ndege, si ya mtoto kuvuta. Mimi mwenyewe navaa barakoa ya makaa yenye vichujio vya kemikali, zile za kitambaa zinazuia vumbi tu, mvuke wa thina unapita kama hakuna kitu. Katoka zake. Ila mimi nikabaki namfikiria mzee, baba yangu, maana na yeye aliwahi kusimama pale pale mlangoni, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Humu kunanuka hanga la Embakasi," uwanja wa ndege wa Nairobi.

Ilikuwa masika. Ile Super VC10, ndege ya abiria ya shirika la East African Airways, ndo nilikuwa naifikisha mwisho, modeli ya kampuni ya Roden, kipimo cha 1/144, urefu kama sentimita 36 hivi. Nyeupe ilikuwa imekaa vizuri sana. Mnaoniuliza kila siku kwa nini situmii thina ya magari, jibu ni plastiki yenyewe: hizi modeli ni polistirini, na thina nyingi za gereji zinaila, mistari ya paneli inalainika inapotea, mara uso wote unachanika nyufa ndogo ndogo. Thina ya Mr. Color, chapa ya rangi za modeli, hasa ile ya Leveling, inang'ata kidogo tu, kiasi cha rangi kushika, halafu ina ritada ndani, yaani kichelewesho, inachelewa kukauka ili rangi ipate muda wa kujinyoosha. Mimi nachanganya rangi moja kwa thina mbili, presha ndogo, koti jembamba juu ya koti jembamba. Laka inakauka kwa thina kuruka tu, kwa hiyo koti la pili linaliyeyusha kidogo la kwanza na yote mawili yanakuwa kitu kimoja. Hapo ndo laka iliponichukua moyo, nikaachana na rangi nyingine.

Namba ya usajili nilimwachia mzee. Shirika lilikuwa na Super VC10 tano, akasema weka 5H-MOG. Nikamtajia na 5X-UVA, ile iliyoanguka Addis Ababa, Aprili 1972, akatikisa kichwa na hatukuiongelea tena.

Basi dekali, zile stika za maji zenye herufi, zikakauka, ikabaki kliya, laka isiyo na rangi ya kumalizia. Nikaanzia nyuma, kwenye zile injini nne za mkiani, nakuja mbele taratibu, mara mvua ikashuka, ile ya Dar ambayo haibishi hodi, na hewa ya chumbani ikawa nzito ghafla. Nikiwa bado nimeshika eabrashi, kile kibomba cha kupulizia rangi, naona kliya inabadilika. Kwanza kama mtu kapumua juu ya kioo. Halafu weupe ule ukazidi, ukatembea kutoka mkiani kuja kwenye madirisha, mng'ao wote ukafa, herufi nyeusi zikawa za kijivu, zikafifia, MOG ikabaki kivuli na ile G sikuiona kabisa. Miezi ya kazi ile, na mzee kasimama nyuma yangu anaangalia.

Nikanyoosha mkono na kitambaa.

"Usiguse," akasema.

"Imeharibika, baba."

"Haijaharibika. Imekunywa maji tu."

Akavuta stuli akakaa. Thina ikiruka haraka, akaniambia, inapoza pale ilipokuwa, unyevu wa hewani unatua juu yake na laka inaufunika kabla haujatoka. Anajua kwa sababu alipoanza kazi kwenye shirika lile, kijana mdogo kabisa, walikuwa na ndege za DC-3, na usukani wa mkia wa DC-3 umevikwa kitambaa, kitambaa kinapakwa dopu, aina ya laka, ili kikaze. Mvua za Aprili Nairobi dopu inafanya ukungu hivi hivi, na aliyepaniki akafuta alikuwa anaanza upya na kitambaa kipya. Mimi nimeishi na huyu mtu maisha yangu yote na sikuwahi kusikia habari ya dopu.

"Una thina inayochelewa?" Nikamwonyesha ile Leveling. "Weka tupu, bila kliya. Subiri mvua ipungue."

Ikapungua. Nikaweka matone machache, akanishika kiwiko na vidole viwili, akanirudisha nyuma. "Mbali zaidi. Chini kuna dekali, ukiilowesha inakunjamana. Pitisha tu, ondoka." Nikapitisha. Hakuna kitu. Nikapitisha tena, na kiwiko bado anacho, na hapo ukungu ukaanza kukatika kwenye ile 5, ukajirudisha kama unavutwa, ikaja H, kistari, M, weusi ukawa weusi, mng'ao ukarudi na ndani yake nikaona taa ya dari imejichora. Mzee akainama, miwani kwenye ncha ya pua, akasoma kwa lugha ya redioni, sauti ya kazini ambayo nyumbani hatukuizoea: "Five Hotel Mike Oscar Golf."

Akakaa mpaka usiku siku hiyo. Akanisimulia jinsi injini za Conway za VC10 zilivyokuwa zikipiga kelele, akafika 1977 shirika lilipovunjika, hapo akakatisha, akauliza kama kuna chai.

Sasa kitu ambacho sikumwambia, na mpaka leo sijamwambia. Zile nne zilizobaki ziliishia jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa za kubeba mafuta na kuyagawa angani, aina iliyoitwa K.3. MOG ikawa ZA150. Ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa kiwandani, na ilitua Dunsfold, Uingereza, tarehe 24 Septemba 2013 ikahifadhiwa huko. Yaani ipo. Mzee anaamini zote zilikatwa chuma chakavu, au labda anajua siku nyingi na ameamua kukaa kimya, kwa mzee huwezi kujua. Nina modeli ya pili kabatini, nimeshaipaka prima, rangi ya msingi, nataka kuitengeneza kama ZA150 kwa kijivu cha jeshi. Kaka yangu anasema nimpelekee afurahi. Dada anasema niache, kumwonyesha ndege yake imevaa rangi za watu wengine si zawadi. Kila mmoja namwona ana hoja, na kijivu chenyewe bado sijakifungua.