Kilomita 960, Zikihesabiwa kwa Saa za Kulala

Miadi ya kupakia lori langu ilikuwa saa 1 asubuhi. Mzigo wa tani 26 ulimaliza kufungwa turubai saa 8 mchana. Hizo saa 7 katikati ofisi nyingi huziita mapumziko, eti kwa kuwa gari halitembei. Lakini dereva anayevuta mbele mita 10 kila robo saa, jicho likiwa kwenye tela lililo mbele yake, hajapumzika hata kidogo. Saa yake ya kuwa macho ilianza kuhesabu alipoamka, na haisimami kwa sababu injini imezimwa.

Niliamka saa 11 alfajiri, na hesabu ya safari nzima ilianzia hapo. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu wakiwa wamekaa macho muda mrefu, na pia watu walewale wakiwa wamekunywa pombe, wakalinganisha. Baada ya saa 17 bila kulala, utendaji wao ulishuka hadi kulingana na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkataza dereva kukivuka. Saa 11 alfajiri ukiongeza saa 17 unapata saa 4 usiku. Kwa hiyo saa 4 usiku gari lingekuwa limepaki, mzigo uwe umefika au haujafika. Kilomita ni 960, na kwa wastani wa kilomita 65 kwa saa huo ni uendeshaji wa karibu saa 15. Haiingii ndani ya siku moja. Ukijaribu kuiingiza, unajikuta kwenye usukani saa 8 usiku hadi saa 12 asubuhi, muda ambao mwili wenyewe hushusha joto lake na kuvuta usingizi hata kwa mtu aliyelala mchana kutwa.

Jambo la kwanza lilikuwa kulipunguza deni hilo la usingizi palepale kwenye foleni ya kupakia. Niliomba namba ya foleni na kupigiwa simu zamu ikifika, badala ya kulinda nafasi kwa macho, nikapanda kitandani nyuma ya kiti saa 4 na nusu asubuhi hadi saa 6. Dakika 90 si namba ya kubahatisha. Usingizi huzama, kisha hurudi juu, na mzunguko mmoja huchukua takriban muda huo. Ukiamshwa dakika ya 50 unatolewa chini kabisa: kichwa kizito, mikono mizito, na uamuzi wako kwa nusu saa nzima ni wa mlevi. Ndiyo maana kulala kwa dereva kuna vipimo viwili vya maana, dakika 15 hadi 20 kabla usingizi haujazama, au mzunguko kamili. Hapo katikati ndipo penye shida.

Mratibu wa ofisi aliambiwa muda mpya wa kufika tukiwa bado yadi, yaani kesho yake saa 11 jioni. Simu hiyo hupigwa kabla ya kuondoka. Ukiipiga usiku ukiwa njiani, umechoka na umeshachelewa, jibu lake linajulikana: "jikaze." Na dereva aliyechoka hukubali haraka mno.

Tuliondoka saa 8 mchana. Ile saa ya 8 hadi ya 10 ni bonde la pili la usingizi kwa siku, dogo kuliko la usiku, na halisababishwi na chakula peke yake, ingawa sahani nzito ya wanga huliongeza. Kwa hiyo kipande cha kwanza kilikuwa cha saa 2 tu. Saa 10 tulisimama dakika 15, nikanywa kahawa ya mwisho ya siku ile. Nasema ya mwisho kwa sababu nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa 5. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 zikinywewa saa 6 kabla ya kulala hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima, na mnywaji anaweza asijue. Dereva anayekunywa saa 3 usiku ili afike, halafu akalale saa 5, amekopa kwa riba.

Kutoka hapo saa 10 na robo hadi saa 12 na nusu jioni, kisha mapumziko ya dakika 45. Mpangilio huu si wangu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 561 ya mwaka 2006 inataka dakika 45 kwa kila saa 4 na nusu za usukani, na inaruhusu zikatwe, 15 kwanza kisha 30. Kwa siku ni saa 9, na mara mbili tu kwa wiki unaweza kufika 10. Marekani wamekuja kwa njia nyingine: saa 11 za kuendesha, lakini zote ziishe ndani ya saa 14 tangu uanze kazi, baada ya saa 10 mfululizo za kupumzika. Hiyo saa 14 naipenda kwa jambo moja, kwamba muda wa kungoja kupakia nao unaliwa humo. Kasoro ya kanuni zote ni kwamba zinahesabu saa za gari na za kazi. Takografu, kifaa cha kwenye lori kinachorekodi saa za kuendesha, haijui kama ulilala.

Baada ya jua kuzama nilikuwa na kazi ya kuendesha na msaidizi alikuwa na kazi ya kunitazama. Anayesinzia ndiye wa mwisho kujua. Dalili za mapema hazifanani na usingizi: spidi inapanda na kushuka bila mlima, mkono unasahihisha usukani kwa kuchelewa halafu kwa nguvu, dereva anajipapasa shingo, anajikuta yuko karibu mno na gari la mbele. Njia yetu ni swali moja kila baada ya nusu saa, bila taarifa:

"Kaka, kibao kilichopita kilisemaje?"

Ukijibu, endelea. Ukikumbuka kibao kilikuwepo lakini hukumbuki maneno, tafuta pa kupaki. Ukiuliza "kibao gani?" basi macho yalikuwa wazi na ubongo ulikuwa umefunga duka. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde, na lepe la sekunde 3 ni mita 66 za lori lisilo na dereva. Malori mapya yana kengele ya kuhama leni, na Ulaya tangu Julai 2024 kila gari jipya lazima liwe na mtambo wa kugundua dereva anayesinzia. Kengele hiyo ikilia umeshachelewa. Maana yake ni kupaki, na wanaoizima kwa sababu inawasumbua wangefaa kuulizwa inawasumbua mara ngapi kwa saa.

Kufungua kioo, kuongeza muziki, maji ya uso, kujipiga makofi: watafiti Horne na Reyner wa Loughborough, Uingereza, walipima hewa baridi na redio mwaka 1998 wakakuta vinasaidia kidogo, tena kwa takriban robo saa. Robo saa hiyo itumie kufika kwenye maegesho.

Tulipaki saa 4 usiku kamili, kilomita 455 zikiwa zimekwisha.

Kuchagua pa kulala kunastahili dakika 10 za kuzunguka maegesho. Kitanda cha kabini kimekatiza upana wa gari, kwa hiyo kinachokusumbua ni mwinamo wa upande, kulia au kushoto. Kichwa kiende upande wa juu, na kama mto uko upande usiofaa, geuza mto. Ogopa matela ya friji. Kompresa yake huwaka na kuzima usiku kucha, na sauti inayokuja na kukatika huamsha kuliko ngurumo isiyobadilika. Paki mbali na njia ya kuingilia, kwa maana taa za wanaochelewa hupiga moja kwa moja kwenye kioo. Injini ilizimwa. Ekzosi yenye tundu chini ya kabini huingiza hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, na mtu aliyelala haamki kuifungulia dirisha. Ukiamka na kichwa kinauma na kichefuchefu, kinachotoweka ukitembea nje, fundi akague ekzosi kabla ya safari nyingine.

Mapazia yote, kitambaa cha macho, vizibo vya masikio, joto la nyuzi 18 hivi kama linapatikana. Simu nikaiweka juu ya dashibodi, mbali na mkono, ili kengele inilazimishe kuinuka na ili nisiiangalie. Saa 4 na nusu nilikuwa nimelala.

Kuna anayefanya haya yote, analala saa 7 na nusu, na anaamka kachoka vilevile. Akiwa anakoroma kwa nguvu, pumzi inakatika halafu anarudi kwa mkoromo wa ghafla, hana tatizo la ratiba. Koo linajifunga usingizini, ubongo unamwamsha mara nyingi kwa saa bila yeye kukumbuka. Daktari wa usingizi atampima, na mara nyingi dawa yake ni mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa. Kwenye lori mashine hiyo inahitaji kigeuzi kinachofaa umeme wa volti 24, na kinachomaliza betri ni kile kipasha maji cha kulainisha hewa. Kikizimwa, matumizi hupungua sana na asubuhi injini inawaka.

Tuliamka saa 12, tukaondoka saa 1 na robo. Ile saa nzima na zaidi ya katikati haikupotea: ukaguzi wa matairi, kufunga mikanda upya, kutembea hadi mwili uamke. Kidonge cha mafua alichokuwa nacho msaidizi kilikuwa cha klofeniramini, kinachosinzisha, nikakiacha. Vipande viwili vya saa 2 na robo, mapumziko mafupi katikati, dakika 45 saa 6 mchana. Saa 7 kasoro robo tukawa barabarani tena.

Saa 8 na dakika 5 mchana, barabara ikiwa imenyooka na joto limepanda, msaidizi aliuliza kibao. Nilikumbuka rangi yake tu.

Maegesho yalikuwa dakika 5 mbele. Handibreki, injini zima, kiti nyuma hadi mwisho, kioo wazi vidole viwili. Kahawa, kikombe chenye miligramu 150 hadi 200 za kafeini, ilinyweka kwa mkupuo, ya vuguvugu, kwa kuwa ya moto inakula muda wa kulala. Kengele dakika 20, macho yakafumbwa. Siri iko kwenye kuchelewa: kafeini huchukua kama dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, na katika muda huo usingizi mfupi unaondoa adenosini, ile kemikali ya uchovu inayojilimbikiza ubongoni tangu uamke. Unapoamka, kafeini ndiyo kwanza inafika kwenye viti ambavyo adenosini ilikuwa imevikalia, na inavikuta vina nafasi. Wanaosema "sikulala, nilifumba tu macho" wamefaidika pia; kusinzia kidogo kunatosha. Wanaokosea ni wale wanaozima kengele wakalala dakika 50, na wale wanaoamka na kuwasha gari papo hapo. Mimi nilishuka, nikazunguka gari mara mbili nikishika kila tairi kwa kiganja kusikiliza joto, dakika 10 nzima, ndipo nikapanda. Saa 9 kasoro dakika 10 tukaondoka.

Hila hii haichezwi mara mbili kwa siku moja. Ikikuita mara ya pili, anza kutafuta pa kulala.

Tuliingia yadi ya kushushia saa 10 na dakika 40, foleni ya malori manne mbele yetu. Kabla injini haijapoa simu ya mratibu ililia: kuna mzigo wa kurudi, upakiwe usiku huu huu, uondoke saa 7 usiku. Nilifungua daftari. Usingizi wa saa 24 zilizopita, saa 7 na nusu na dakika 20. Kufika saa 7 usiku nitakuwa macho tangu saa 12 asubuhi, saa 19, na mbele yake lile bonde la usiku lenyewe. Nikamsomea namba hizo moja baada ya nyingine, nikamwambia kesho saa 2 asubuhi. Akanyamaza, akasema sawa. Msaidizi alikuwa ameshaenda getini kuomba namba ya foleni.