Kwa Gurudumu Moja Kutoka Mto wa Mbu Hadi Ziwa Natron

Wageni tuliowapokea Arusha walikuja na baiskeli za gurudumu moja, wakitaka kuongozwa kutoka Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron kupitia Engaruka. Niliwafuata kwa gari lililobeba maji, nikaona kwamba chombo hicho hakimpi mtu nafasi ya kupumzika: kwa kuwa pedali zimeunganishwa moja kwa moja na gurudumu, mwendeshaji hulazimika kukanyaga hata kwenye mteremko, huku miguu hiyohiyo ikizuia kasi. Changarawe ilivumilika, vumbi laini la majivu karibu na Ol Doinyo Lengai, volkano hai yenye kimo cha mita 2,962, ndilo lililowashusha wakasukuma kwa mikono. Miiba ya migunga nayo ilitoboa tairi bila huruma. Vijijini watoto wa Kimaasai walikimbia kando yao (na kusema kweli waliwapita), ilhali mzee mmoja aliuliza kwa adabu iwapo gurudumu la pili lilikuwa limeibwa. Binafsi ningependekeza safari hiyo ifanywe Julai, baada ya masika, makorongo yanapovukika na joto la Bonde la Ufa linapopungua.