Daftari la mama wa mbegu

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Nilikuwa nakaa Tabata wakati huo, na kama wengi nilizipata picha kwenye simu kabla sijalala. Nilikuwa na kibarua cha kuingiza data kwenye kampuni moja ya usafirishaji, mkataba wa miezi mitatu mitatu, na mambo ya kilimo nilikuwa nimeyaacha nyumbani Ilula nilipomaliza kidato cha sita. Sikuona moto ule unanihusu nini.

Haikupita wiki mjomba akanipigia. Analima nyanya za kumwagilia, na kwa miaka mingi amekuwa akiagiza mbegu kwa muuzaji mmoja aliyekuwa na duka pale pale sokoni. Anatuma hela kwa simu, kifurushi kinapanda basi la Iringa, yeye anakipokea barabarani Ilula. Sasa simu ya yule muuzaji haipatikani.

"Mjomba, wewe si uko huko huko? Nitafutie mtu wa kuaminika. Shamba liko tayari, bado kusia tu."

Nikaenda baada ya kazi. Wenye maduka ndani ya soko walikuwa wametawanyika. Wengine walijibanza kwa wenzao mitaa ya jirani, wengine walipanga chumba ghorofani kusikokuwa hata na kibao, wengine walirudi kwao kwanza. Kumpata mmoja ilinibidi niulize kwa wabeba mizigo, kwa mama ntilie, kwa wauza mifuko. Na kila niliyemkuta aliniambia kitu kile kile: wateja wa mikoani wamepotea, hawajui tuko wapi. Kule Ilula nako simu zilikuwa zinapigwa, watu wanaulizana muuzaji fulani yuko wapi siku hizi. Pande mbili zinatafutana, na mimi nimesimama katikati na simu mkononi.

Basi sikuishia kumtafutia mjomba mtu mmoja. Nilifungua jedwali kwenye simu nikaanza kuandika: jina la duka, jengo na alama ya karibu, namba ya simu, anauza mbegu gani, anatuma kwa basi au hatumi, ana cheti cha kuuza mbegu cha TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, au hana. Safu ya mwisho niliiwekea tarehe, siku niliyosimama dukani kwake na kuona kwa macho. Kila mmoja nilimwomba ruhusa kabla ya kuiweka namba yake hadharani. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ilikuja kupitishwa mwaka uliofuata, lakini mimi nilifanya hivyo kwa sababu namba ya mfanyabiashara ndiyo mlango wa duka lake, huwezi kuufungua bila kumwambia. Nikalitupia jedwali kwenye magrupu ya wasapu ya wakulima wa Ilula na Ruaha Mbuyuni, nao wakalipeleka mbele zaidi ya nilikolikusudia.

Wazo la kwamba hapa pana riziki nililipata nikisoma habari za Mholanzi mmoja, Pieter Levels. Mwaka 2014 aliweka mtandaoni jedwali la wazi la miji inayowafaa watu wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa safarini. Watu wakamjazia, likawa tovuti ya Nomad List, na baadaye watu wakawa wanalipa kujiunga. Nikarudi nyuma zaidi nikakuta kwamba hata Yahoo, mwaka 1994, ilianza kama orodha ya tovuti iliyokuwa ikipangwa na wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo. Nilifurahi sana kusoma hayo. Kazi niliyokuwa naifanya jioni bila malipo, kumbe kuna watu waliijengea maisha.

Lakini kuna jambo moja sikuliiga kwao. Sikuacha watu wajijazie. Mji ukiusifia bure, msafiri atapoteza siku chache. Mbegu ni habari nyingine. Ukiuziwa mbegu ya uongo hujui leo wala kesho. Unasia, unahamisha miche, unaweka mbolea, unapambana na kantangaze, yule mdudu wa nyanya, na mpaka uone tunda haliji au ugonjwa wa rasta umekunja majani ya shamba zima wakati uliuziwa mbegu inayouhimili, mtaji umeshaingia ardhini na msimu umekwisha. Nimemwona mama yangu mdogo akisimama kwenye shamba la namna hiyo, mkono kiunoni, hasemi neno. Kwa hiyo kila jina lilipaswa kupita machoni pangu, na kila nilipofika dukani niliomba kuonyeshwa pakiti zenye lebo ya TOSCI, ile unayoikwangua na kutuma namba kwa simu kuhakiki.

Kufikia Oktoba 2022 orodha ilikuwa na tovuti yake na watu walikuwa wanaitumia kila siku. Mkataba wangu wa kibarua haukuongezwa. Nilikuwa nalipia jina la tovuti, seva, bando na nauli, na akiba ilikuwa inaisha. Ijumaa moja nikaamka nimeamua: leo naenda Kariakoo kuomba hela.

Duka la kwanza nililoingia lilikuwa la bwana mmoja mchangamfu, ana vijana wake wa kazi na stoo kubwa. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza. "Laki mbili taslimu sasa hivi. Niweke juu kabisa kwenye nyanya, na huyu wa jirani mtoe." Nilimwambia orodha inapangwa kwa tarehe ya kuhakikiwa, aliyehakikiwa karibuni ndiye wa juu, na mtu hatolewi kwa hela. Akashangaa kweli. Hakunitukana, aliniangalia tu kama mtu aliyekosea mlango. Nilitoka pale miguu mizito, kwa sababu laki mbili ilikuwa kodi yangu ya miezi miwili.

Nikashuka mpaka kwa mama mmoja ambaye nilimwandika tangu siku za mwanzo kabisa, moto ungali unasimuliwa. Duka lake ni dogo, kaunta ya kioo, mizani ya kupimia mbegu za kawaida, na nyuma yake pakiti zimepangwa kwa mazao. Nyanya upande wa kushoto, Tanya na Tengeru 97 chini, zile chotara za F1, za bei, juu mkono usikofika kirahisi. Kitunguu katikati. Karoti, kabichi na hoho kulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja, nina ugomvi na wewe."

Akainama chini ya kaunta akatoa daftari kubwa la mauzo, lile la jalada gumu, akalifungua kutoka nyuma. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameuchora mistari kwa kalamu nyekundu. Juu ameandika ORODHA kwa herufi kubwa. Chini yake vijiti, vinne vinasimama na cha tano kinavikata, safu baada ya safu, na pembeni ya kila safu mahali simu ilikotoka: Ilula, Mgeta, Lushoto, Ruaha Mbuyuni, Mlandizi. Baadhi ya vijiti alikuwa amevizungushia duara.

"Hawa wenye duara walinunua," akasema. "Hawa wengine waliniuliza kitu ambacho sina. Mwezi jana nilikuwa nacho, umeandika ninacho, na kweli nilikuwa nacho. Sasa mtu anapiga kutoka Mgeta anataka nyanya ya Assila, namwambia imeisha, anakata simu kwa hasira. Huyo hanirudii. Ona." Akanipitishia kidole kwenye vijiti visivyo na duara. Vilikuwa vingi kuliko vyenye duara.

Nilibaki nimeinamia kioo. Miezi yote ile nilikuwa nahesabu waliofungua tovuti, naangalia grafu zikipanda, na hakuna grafu iliyowahi kuniambia kilichokuwa kwenye ukurasa ule. Mama huyu hakutumwa na mtu. Alitaka tu kujua wateja wake wanatoka wapi, akachukua kalamu.

Nikamwambia ukweli wa safari yangu, kwamba nimekuja kuomba wenye maduka wachangie ili orodha isife. Nilikuwa nimejiandaa kueleza faida za kuwa na ukurasa wenye picha, nembo ya duka, na ramani ya kufika. Akanikatisha.

"Picha za nini? Wananunua mbegu, hawanunui sura yangu. Sikiliza. Wewe njoo kila Ijumaa. Nikutajie kilichoingia na kilichoisha, uandike siku hiyo hiyo. Na uandike Jumapili sifungui, maana wananipigia nikiwa kanisani. Hiyo nitakulipa."

"Shilingi ngapi mama?"

"Wewe ndiye mwenye kazi, taja."

Nikataja elfu ishirini kwa mwezi, sauti ikinikwama kidogo. Akachukua simu, akaniuliza namba, na ujumbe wa muamala ukaingia tukiwa tumesimama vile vile. Kisha akavaa miwani akaanza kunisomea rafu moja moja kutoka kushoto, nami naandika kwenye simu. Tengeru 97 ipo. Tanya ipo, makopo ya gramu hamsini tu. Assila imeisha, inaingia Jumanne. Kitunguu Red Bombay ipo, Mang'ola mpaka wiki ijayo. Alikuwa anataja pia kitu ambacho sikukiuliza, tarehe ya mwisho ya matumizi iliyo kwenye pakiti. Moja alipoiona imebakiza muda mfupi akaitoa kwenye rafu. "Hii usiiandike. Mtu wa mbali itamfikia anaipanda lini?"

Safu hiyo ya tarehe ya mwisho nikaiongeza kwenye orodha usiku ule ule, na ndiyo wakulima walioipenda kuliko zote.

Wakati tunamalizia, mwenye duka la pili yake alikuwa ameegemea mlangoni anatusikiliza. Kijana wa rika langu, anauza zaidi mipira ya umwagiliaji wa matone na mbegu za vitunguu.

"Kwa hiyo mimi nikilipa nakuwa wa kwanza?" akaniuliza.

"Hapana, kaka."

"Sasa nalipia nini?"

Kabla sijajibu mama akageuka. "Unamlipa aje. Wewe wiki iliyopita ulipigiwa simu ngapi za mipira ya inchi moja na huna?"

Kijana akacheka, akasema nyingi. Akaingia dukani kwake akarudi na kigoda, akaniwekea kando ya rafu zake, akaniambia tuanze na vitunguu kwa sababu mipira itatuchukua mpaka jioni.