Nilienda Mida Creek kuona ndege nikakuta matope

Mimi nilidhani kuangalia ndege wa pwani ni kufika tu, ndege watakuwepo. Basi Aprili iliyopita nikashuka Gede, nikachukua boda mpaka Mida Creek, ile hori ya bahari yenye mikoko huko pwani ya Kenya, saa nne asubuhi niko pale, nikapita lile daraja la mbao lililoning'inia juu ya mikoko, ukikanyaga lote linacheza, nikafika kibanda cha mwisho nikatoa darubini... matope. Maji yamekupwa kabisa, na ndege wapo ndio, wengi tu, lakini wako mbali huko wanatetemeka kwenye mvuke wa jua kama vinukta.

Mzee mmoja anayetembeza wageni akanikuta nimenuna. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akacheka. "Mwanangu, hawa wafuata maji, hawafuati saa yako." Akaniambia nisubiri mchana, tena nina bahati ni siku za bamvu, maji yatapanda mpaka juu na kuwasukuma wote karibu, ungekuja siku za maji mafu wangebaki wametawanyika tu.

Na kweli, saa nane hivi maji yakaanza kuingia na ndege nao wakaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua mbele yake, wanadonoa huku wanarudi. Vitwitwi wenye mdomo uliopinda chini, ambao kwa kawaida ni wa kijivu tu, wengine vifua vyao vilikuwa vimeshageuka rangi ya tofali. Mzee akasema hiyo ndiyo nguo ya harusi, wanajiandaa kwenda kuzaa Siberia, kaskazini kabisa. Mtu wa gramu 60 hivi! Ila aliyenimaliza mimi ni yule mla kaa, mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama jambia. Anasimama kimyaa, halafu anakimbia hatua tatu, anachoma, anamtikisa kaa mpaka miguu inaruka huku na kule ndo anameza. Huyu haendi Siberia, anazaa huko pande za Uarabuni na Ghuba, tena anachimba shimo kwenye mchanga anataga yai moja humo ndani, joto la mchanga linasaidia kulitunza.

Sasa hapa ndo nikaharibu. Maji yalipojaa ndege wote wakabanana kwenye kipande kidogo cha mchanga, wamelala, mguu mmoja juu, na mimi na simu yangu nikaona picha itakuwa kali nikisogea kidogo tu. Nikashuka. Sijafika hata nusu, wote juu, vuuup, kundi likageuka mara mbili angani likaenda zake.

Mzee hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliniambia tu, "Umewachomea mafuta." Yaani mwezi huu wanakula ili waweke mafuta mwilini, ndiyo petroli ya safari, na maji yakijaa hakuna pa kula wala pengine pa kupumzika, ni hapo hapo. Kila akirushwa na mtu, mbwa au boti ametumia akiba ya njiani. Nikakumbuka yule sululu-mdogo wa mkia wenye mistari, ndege mwingine wa pwani anayehama, aliyefungwa kifaa cha setilaiti mwaka 2022, akatoka Alaska mpaka Tasmania kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua, si angeanguka baharini kama kuna mjinga mwenye simu alimrusha kila siku kabla hajaondoka?

Na mahali pakiisha ndo basi tena. Korea Kusini waliziba bahari kwa ukuta wa kilomita 33 pale Saemangeum mwaka 2006, matope yale yalikuwa kituo kikubwa cha kulia cha ndege wa pwani kama hawa, wengi hawakuonekana tena. Ndo maana mimi napenda ule mpango wa ASSETS wa A Rocha Kenya, shirika la kutunza mazingira, hela za watalii zinasomesha watoto wa sekondari wa pale pale kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na creek, kwa hiyo mzazi ana sababu ya kuuacha mkoko usimame, si maneno matupu ya "tutunze mazingira".

Mzee akanikalisha kibandani mpaka warudi. Walichukua kama nusu saa, na si wote. Ile picha yangu bado ninayo, mchanga mtupu na bawa moja pembeni kushoto.