Na nani atakuuliza?

Tumekata shauri, mimi na mchumba wangu. Tukishatoka komini, ofisi ya serikali, kwa ndoa ya serikali, ibada tutaifanya kwenye kiwanja cha mjomba, Katuba, hapa Lubumbashi, bila padri wala pasta. Tangu habari hizo ziwafikie wazazi, simu hazitulii.

Hatujamkimbia Mungu. Mimi ni mtoto wa parokia, nimekulia kwenye kwaya. Mwenzangu ni wa kanisa la uamsho. Kwao wanataka nibatizwe upya, kwa maji mengi, ndipo watufungishe. Kwetu paroko hakukataa, ila ndoa ya namna hii inahitaji kibali cha askofu, nami niahidi kufanya niwezalo watoto wabatizwe Kikatoliki. Wakwe hawataki kulisikia hilo. Paroko amenieleza bila kuficha: tukijifungisha ndoa wenyewe, Kanisa halitaitambua ndoa hiyo, na komunyo nisahau. Hilo linaniuma kuliko ninavyowaonyesha watu.

Kwa serikali hakuna shida. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka mahari na ofisa wa serikali. Baraka za kanisani haizihesabu. Na katika imani nimesoma mambo yaliyonishangaza. Katika mafundisho ya Kikatoliki ya huku kwetu, wanaopeana sakramenti ya ndoa ni bibi na bwana harusi wenyewe. Padri anaipokea ahadi yao kwa niaba ya Kanisa. Sharti la kufunga ndoa mbele ya paroko na mashahidi liliwekwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563. Isaka naye alimwingiza Rebeka hemani mwa mama yake akawa mkewe, wala hatajwi kuhani.

Nilimsomea mama yote hayo. Alikuwa anachekecha unga wa bukari, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

“Sawa, mwanangu. Na nani atakuuliza?”

Sikuwa na jibu. Ahadi tunaweza kuziandika, nyimbo tunazo, Zaburi ya kusoma haikosi. Lakini lazima awepo mtu wa kutukazia macho na kusema: unamtaka huyu kweli, au umesukumwa? Mjomba hafai, mahari yamepita mikononi mwake. Rafiki zetu watacheka. Wahubiri wa kukodi wapo, tena wana suti nzuri, ila wao watauliza jibu wakilijua.

Mama ndiye aliyewataja wazee wawili wa mtaani kwetu, mume na mke, watu wa Jamaa, ule utume alioupanda padri Placide Tempels hapa Katanga miaka ya 1950. Kwao mume na mke hufundisha pamoja. Baba yule akatuambia mapema: “Sisi hatubariki ndoa. Kuuliza, tutauliza.”

Wakaanza jioni ileile. Mshahara utashikwa na nani? Mtoto asipopatikana, ndugu zako wakisema umrudishe kwao, utawajibu nini? Mwenzangu alinyamaza kidogo. Mama yule hakumwonea huruma, akalirudia swali neno kwa neno. Pale nikaona tunafungishwa ndoa kabla ya siku yake, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kutoa mahari.

Mengine ni kazi za kawaida. Tumechagua Juni, mvua haitatusumbua, ila jioni ni baridi, kwa hiyo ibada iishe jua likingali juu. Wakwe hawanywi pombe. Tutapika munkoyo mwingi, kinywaji chetu cha mahindi. Bei ya keki msiniulize.

Limebaki la sadaka. Mama mkwe anasema ibada isiyo na sadaka si ibada. Mama yangu anauliza itakwenda kwa nani kama kanisa halipo. Mwenzangu alitaka wapewe wale wazee, nao wamekataa katakata. Tutaliongea Jumapili, nikitoka misa na yeye akitoka kwao, ingawa kwao ibada huwa haiishi kabla ya saa tisa.